Kitanda cha Mkoromo

Katika nchi ile jua lilikuwa halitui mpaka Mlalaji aamke. Lilipanda, likafika juu ya vichwa, kisha likasubiri, kama mgeni aliyefika mlangoni akasikia wenyeji wamelala, akaona haya kubisha. Chini yake watoto wote walilala katika Nyumba ya Kulala, nyumba ndefu isiyo na kuta, na katikati ya nyumba, juu ya jukwaa la mawe, palikuwa na kitanda kimoja cha kamba kilichonyanyuliwa kuliko vingine. Hapo alilazwa mtoto mmoja aliyekoroma kuwashinda wenzake. Huyo ndiye Mlalaji. Maadamu anakoroma, mchana unaendelea. Maadamu mchana unaendelea, wakubwa hawatoki vivulini, hawalimi, hawazeeki. Akiamka tu jua linaangukia upande wa pili kwa kishindo, na kila mtu anaiona mikononi mwake kazi aliyoiahirisha.

Kwa hiyo wakubwa wa nchi ile walipenda mkoromo. Waliupenda kama watu wa kwingine wanavyopenda mvua.

Kazi yangu mimi ilikuwa kupepea. Tulikuwa wanawake wengi, kila mmoja na kigoda chake kando ya kitanda, na mkononi upepeo wa ukindu. Unakaa, unatazama, unapepea, basi. Sheria ilikuwa moja: mkono usisimame. Watu waliamini kwamba mtoto akishalala hana tena nguvu ya kuvuta hewa mwenyewe, ni upepeo unaomwingizia na kumtolea. Ukienda mbele, anavuta. Ukirudi nyuma, anatoa. Mpepeaji aliyesimamisha mkono alihesabiwa muuaji, hata kama alikuwa anajikuna.

Na mimi niliamini. Kwa nini nisiamini? Nilipepea, watoto wakapumua. Wazee wa kwingine husema jogoo awike asiwike kutakucha, lakini wazee hao hawakuzaliwa nchi ile. Kwetu jogoo aliwika, kukakucha, akapewa mshahara.

Ukikaa sana kando ya mtu aliyelala, unaanza kujiuliza. Mimi swali langu lilikuwa hili: mtu akilala, ni nani anayebaki kumpumulia? Yeye mwenyewe hayupo. Ukimwita jina haitiki, ukimtukana hakasiriki, ukimwibia hajui. Jina lake limewekwa kando kama viatu mlangoni. Hata hivyo kifua kinapanda, kinashuka. Kuna mtu ndani anafanya kazi, hana jina, halipwi, hajawahi kumwona mwenye nyumba akiwa macho. Wakati mwingine, katikati ya mchana usiokwisha, nilisahau pumzi ipi ni yangu na ipi ni ya mtoto. Nilijiona nimelala kitandani, na juu yangu mwanamke mwenye uso wangu ananipepea. Nikamwuliza: wewe unapumuliwa na nani? Akaniambia: nyamaza, utaniharibia mkono.

Mtoto niliyempepea ni Mize, binti wa kaka yangu. Alikuwa katika umri ule ambao meno ya mbele yameng'oka na mapya yanachungulia. Mdomo wake ulikuwa wazi daima, akiwa macho na akiwa amelala, na chini ya macho alikuwa na weusi kama mtu aliyejipaka mkaa. Shuleni alisinzia juu ya daftari. Mwalimu alipolalamika, watu walimcheka mwalimu.

"Mfalme umemwona wapi anafanya kazi mchana?" walimwambia. "Mwache mtoto, anajizoeza."

Kwa sababu Mize alikoroma. Lo, alikoroma! Katoto kadogo, kashingo kama bua, lakini akilala fofofo unaweza kudhani wanaume wanaburuta shina la mnazi juu ya kokoto. Mama yake, ambaye ni wifi yangu, alikuwa anatoka nje mtoto akilala ili apate kusikia jinsi mkoromo unavyosikika barabarani.

"Wifi Somoe," aliniambia siku moja, mkono kiunoni, "sikia mwanangu huyo. Mabati ya kaka yako yanatikisika."

"Mabati ya kaka yangu yanatikisika hata kuku akipiga chafya," nikamjibu. "Mlipigilia kwa misumari ya kubandikia picha."

"Una wivu tu. Ukoo wenu mnalala kimya kama mnaiba."

Tulicheka. Mawifi ndivyo tulivyo, tunachomana ili tupate joto. Yeye alinipenda, na mimi nilimpenda, na kati yetu palikuwa na Mize.

Alipoanza kulala katika Nyumba ya Kulala, nikaomba kitanda chake kiwe changu kupepea. Ndipo nikaanza kuona.

Niliona kwanza kifua. Watoto wengine wakivuta hewa, kifua kinajaa, kinatoka nje. Cha Mize kilizama. Pale chini ya shingo palifanya shimo, mbavu zikaingia ndani kama mtu anayebanwa na mkono usioonekana, na tumbo likaruka peke yake. Alilaza kichwa nyuma mno, koo juu, kama kifaranga anayemeza maji. Alitoka jasho mpaka mto ukalowa, na wala hakukuwa na joto la kumshinda. Alijikojolea, yeye aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani kabla hajajua kusema vizuri.

Kisha nikaona kile kimya.

Mkoromo ulipanda, ukapanda, ukakatika. Mkono wangu ulikuwa unakwenda mbele na nyuma, upepeo unaimba ukindu wake, lakini mbele ya pua ya Mize hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimezoea kuhisi vuguvugu la pumzi kwenye vidole. Sasa vidole vilikuwa baridi. Kifua kilihangaika, kikapiga, kikavuta, kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa kwa ndani. Midomo ikaanza kuwa na rangi ya zambarau. Halafu mtoto akashtuka mwili mzima, akakoroma kwa mguno mkubwa, na pumzi ikaingia kama maji yaliyovunja kingo.

Watu waliokuwa vivulini waliusikia mguno ule, wakatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sikia huyo," walisema. "Huyo hata anapopumzika anarudi na nguvu."

Mkono wangu ulikuwa umepepea wakati wote. Nikafikiri: kama upepeo ndio unaopumua, mbona umepumua peke yake?

Nikaenda kwa Bi Mwaka, mkuu wetu, mwanamke aliyepepea Walalaji watatu mfululizo. Alikuwa ameketi anasuka ukili. Nikamweleza yote, kifua, kimya, rangi ya midomo. Hakuacha kusuka.

"Umeona," akasema.

"Nimeona, Bi Mwaka."

"Kila mpepeaji anaona, mwanangu. Kwani wewe unadhani tumefundishwa mkono usisimame kwa ajili ya nini? Watu wanatazama upepeo. Upepeo ukienda, wanaona mtoto anapumua. Hawana haja ya kutazama kifua."

"Na yule Mlalaji wa mwisho? Yule mvulana?"

Nchi nzima ilijua habari ya mvulana yule, kwa namna yake. Mchana mmoja mkoromo wake ulikoma haukurudi. Ikatangazwa kwamba amepanda cheo, amehamia kwenye usingizi wa juu zaidi. Jua likaanguka, kitanda kikafutwa vumbi, na nafasi yake ikawa wazi.

Bi Mwaka akauma ncha ya ukili kwa meno, akaikata.

"Mkono wangu ulikuwa unakwenda," akasema. "Watu wote waliuona unakwenda. Hakuna aliyenigusa."

Hakunikataza kitu. Alihamisha kigoda chake kidogo, akanipa mgongo, na nikaelewa kwamba mazungumzo yamekwisha.

Basi nikaenda kwa wifi yangu. Nilimkuta anashona gauni lake jeupe, kwa maana habari ilikuwa imeshafika: Jumbe Faki, msimamizi wa kitanda cha juu, alikuwa amemchagua Mize. Mlalaji mpya. Angelazwa juu mbele ya watu wote, chali, mto uondolewe ili sauti ielekee mbinguni, na paji la uso lifungwe kwa kanga kwenye kitanda asije akageuka upande. Mlalaji hageuki upande. Akigeuka sauti inamwagika.

"Wifi," nikasema, "usimpeleke."

Sindano ikasimama.

"Rudia."

"Akilala chali ni vibaya zaidi. Mimi ninakaa naye, ninaona. Anakatika pumzi. Anapigana kule ndani, wifi, anapigana kama mtu anayezama. Huo mkoromo ni mtoto anaomba njia."

Aliposema, alisema polepole, na hakukuwa na mzaha hata kidogo.

"Mimi nilipoolewa kwenu mlinipa chumba cha nyuma. Mama yako alikuwa ananiita yule. Leo watu wanasimama njiani kunisalimu, Mama Mize, Mama Mize. Jumbe Faki ameketi kwenye mkeka huu uliokanyaga. Na wewe, ambaye Mungu hajakupa mtoto, unakuja kuniambia mwanangu ana kasoro."

"Sikusema kasoro."

"Husuda ina macho mazuri, wifi. Inaona mpaka mbavu."

Kweli nilikuwa ninaona mpaka mbavu. Na mtu akishakuita mwenye husuda, kila unachokiona baada ya hapo ni ushahidi juu yako. Mize alikuwa mlangoni anatusikiliza, mdomo wazi. Nikamwuliza, "Mize, ukilala unaona nini?"

"Ninapanda ngazi, shangazi," akasema kwa ile sauti yake ya puani. "Ngazi nyingi. Nikifika juu hakuna mlango. Nikiamka nimechoka miguu."

Mama yake akasema, "Unasikia? Anapanda. Mtoto wa cheo huyo."

Siku ya kumlaza, nchi nzima ilikuja. Wakaja na mikeka yao, na mito yao, na vyakula vya kula wakiwa wamejinyoosha. Jumbe Faki alikuwa mwanamume mnene mwenye sauti laini, asiyekuwa na ubaya wowote usoni, na alimshika Mize mkono kwa upole mkubwa akampandisha jukwaani. Kwa desturi Mlalaji mwenye ndugu mpepeaji hupepewa na damu yake, kwa hiyo kigoda kilikuwa changu. Bi Mwaka alinikabidhi upepeo mpya. Mama Mize alisimama chini ya jukwaa, karibu kabisa, gauni lake limepigwa pasi, hanitazami.

Wakamlaza chali. Wakaondoa mto. Wakamfunga paji la uso kwa kanga nyekundu.

"Shangazi," alininong'oneza, "utakuwepo?"

"Nipo."

Akalala upesi, kama jiwe linavyoingia kisimani, maana mtoto yule alikuwa na deni la usingizi tangu azaliwe. Mkoromo ukaanza. Jua likapanda likasimama. Watu wakajinyoosha kwenye mikeka, wakapiga miayo ya raha, na nikaona mikunjo ikiondoka usoni mwao. Wakawa vijana. Jumbe Faki alikuwa na uso wa mwari. Nchi yote ilikuwa inapumzika ndani ya koo la mtoto mmoja, koo jembamba kama bomba la mpapai.

Kimya kikaja.

Mkono wangu ukaenda mbele, ukarudi nyuma.

Nikatazama mikekani. Macho yote yalikuwa kwenye upepeo. Yametulia. Yanaenda nao kushoto, kulia. Na chini ya upepeo kifua cha Mize kinazama, kinazama.

Mguno. Pumzi. Watu wakachekelea.

Kimya cha pili kilikuwa kirefu zaidi.

Nani anampumulia? Mimi? Huu mkono? Mkono ni wangu, na unasema uongo. Unasema yupo, yupo, yupo. Nikiusimamisha, nimeua. Nisipousimamisha, nimeua vizuri, mbele ya mashahidi, bila kosa. Mkono usisimame. Nani alisema? Aliyelala kivulini ndiye aliyesema. Mimi ni nani, mpepeaji au pazia? Mimi ni ukindu. Mimi ni Mize, ninapanda ngazi, kuna mtu huku juu ananipungia kwaheri akidhani ananipepea.

Mguno ukaja tena, dhaifu kuliko wa kwanza, na pumzi ikarudi.

Hapo hapo, wakati mtoto anapumua, nikauweka upepeo chini.

Niliuweka mapajani, nikakunja mikono juu yake. Kwanza walikuwa hawajui waelekeze macho wapi. Halafu mwanamume mmoja akainuka kwenye mkeka.

"Pepea!"

"Anamuua!" mwanamke akapiga yowe. "Shangazi mtu anamuua mtoto!"

"Pepea, mchawi wewe!"

"Mtazameni," nikasema. "Sipepei. Mtazameni kifua."

Na kwa kuwa hawakuwa na upepeo wa kuutazama, wakatazama kifua. Mize alivuta hewa, akatoa. Akavuta, akatoa, kwa kelele zake zote, na mikono yangu imekunjwa. Jumbe Faki alikunja uso akautazama upepeo mapajani mwangu, akamtazama mtoto, akautazama tena upepeo, kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba anayolinda haina kitu ndani.

"Nani anampepea?" akauliza kwa ile sauti yake laini.

Kabla hajapata jibu, kimya kikarudi.

Safari hii kila mtu alikiona. Kila mtu alikusikia kule kukatika, akaona shimo linavyochimbika shingoni, mbavu zinavyoingia, tumbo linavyoruka bila kupata kitu. Kanga ilikaza paji la uso. Kichwa kilitaka kugeuka hakikuweza. Wengine wakaanza kunipigia kelele, "Si unaona? Umeacha kupepea!" na hata mimi, nakwambia kweli, nusu yangu iliwaamini.

Lakini sikuushika upepeo. Nilimwinamia wifi yangu, nikamshika kifundo cha mkono nikamvuta juu ya jukwaa. Hakukataa, labda hakujua kama amevutwa. Kiganja chake kimoja nikakiweka juu ya kifua cha Mize, kingine mbele ya pua.

"Niambie wewe," nikasema.

Alisimama hivyo. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza mlango wa mbali.

"Kifua kinakwenda," akasema. "Wifi, kifua kinakwenda. Mbona pua haitoi?"

Alikuwa ameshaanza kung'oa fundo la kanga kwa kucha, kucha moja ikavunjika, akalifungua kwa meno. Akamgeuza mtoto ubavu. Akamweka kidevu mbele kwa vidole viwili, polepole, kama anayefungua kitasa ambacho hajawahi kukifungua lakini nyumba ni yake. Pumzi ikaingia.

Ikatoka. Ikaingia tena. Na kelele zikapungua, zikapungua, mpaka Mize akawa amelala kwa sauti ya mtu anayepuliza chai.

Lile jua likatikisika.

"Amemwaga sauti!" wakapiga kelele mikekani. "Mlazeni chali! Mama Mize, mgeuze mtoto!" Mikunjo ilikuwa inarudi kwenye nyuso zao. Mtu mmoja alikuwa anatazama viganja vyake kwa hofu, maana alishaanza kuuona mpini wa jembe.

"Mama Mize," Jumbe Faki akasema kwa upole, "mtoto huyu si wako peke yako tena. Watu wote hawa wanapumzika kwake."

"Wapumzike kwa mama zao," akasema wifi yangu.

Alimwinua Mize begani, akiwa bado ameshika kidevu. Gauni jeupe lilikuwa limelowa jasho la mtoto. Akanitazama, na nikadhani ataniomba radhi. Lakini yeye ni wifi.

"Umekaa hapo kama sanamu," akasema. "Ng'ambo ya bonde si kuna wale wanaomulika watu kooni? Mama Chano alinieleza, mwanawe walimkuta na nyama zimekua zimeziba njia, wakazipunguza, sasa analala kama mtu. Mimi nilimcheka. Ninakwenda. Mwambie kaka yako ajipikie."

Akashuka. Watu walimpisha, si kwa heshima wala kwa hasira, walikuwa wanatafuta majembe yao tu. Nilimtazama mpaka alipofika kwenye mteremko wa bonde. Mize aliamka begani, akainua kichwa, akasema kitu ambacho sikukisikia, na mama yake akamsimamisha chini, wakaendelea wakiwa wameshikana mikono.

Nilidhani kitanda kitabaki wazi kwa muda. Nilidhani watu waliokwisha kutazama kifua kwa macho yao hawataweza kutazama kitu kingine. Lakini jua lilikuwa limeanguka mpaka pembeni, linaning'inia, na walikuwa wamechoka, na uchovu haujifunzi. Kamba za kitanda zilikuwa hazijapoa nilipoona mwanamke anapenya mbele, ana mvulana mgongoni, amemfunga kwa kanga mbili. Alikuwa Mama Vuai, jirani yetu. Mvulana alikuwa amelala, mdomo wazi, na mkoromo wake ulisikika kabla uso wake haujaonekana.

"Huyu hapa!" alikuwa anasema, kushoto na kulia. "Wangu hashindwi, huyu ana pumzi kama mhunzi! Jumbe, msikilize!"

Jumbe Faki akafunga macho kusikiliza. Alipoyafungua alikuwa anatabasamu. Wakamlaza Vuai chali. Bi Mwaka, bila kunitazama, aliokota upepeo uliokuwa umeanguka miguuni pangu, akaupangusa vumbi, akamkabidhi Mama Vuai, naye Mama Vuai akanigeukia. Alikuwa na furaha machoni, furaha ya mtu aliyesubiri sana mwisho wa mstari.

"Dada Somoe," akasema akininyooshea, "nakuomba, wewe una mkono mzuri. Mpepee mwanangu."

Mkoromo ulipanda, ukakatika.

Nikavuta kigoda, nikakaa.

"Nipe kwanza mkono wako," nikamwambia.